Nirudishie Lawama Yangu

Ndani ya treni, muuguzi aliyetoka kazini alijifanya amesinzia, kumbe masikio yake yote yalikuwa kiti cha mbele. Hapo mama mmoja, macho yamemvimba kwa kulia, alikuwa akimweleza mzee aliyeketi naye, "Mimi ndiye niliyemtuma binti yangu sokoni. Nisingemtuma, lile lori lililomuua lisingemkuta."

Mzee, mwalimu wa fizikia aliyestaafu, akamwambia kwa upole, "Usijilaumu, mama. Kila tendo linasukumwa na lililotangulia, hata mawazo yetu. Usingeweza kufanya vingine."

Muuguzi akawaza kwamba dawa hiyo ya kufuta lawama wodini kwao haijawahi kufika.

Mama akamgeukia. "Alipokuwa anatoka, alirudi kutoka mlangoni akanikumbatia. Na hilo pia alisukumwa tu kulifanya?"

Mzee akajibu, "Kwa sayansi ninayoijua mimi... ndiyo."

"Basi nirudishie lawama yangu, mzee wangu, na lile kumbatio lake. Mwanangu nimpoteze mara moja tu."

Treni ikasimama. Mama akashuka bila kuaga. Mzee, aliyekwishashika mfuko wake ili ashuke, akabaki ameketi mpaka milango ikafungwa.