Konekta Isipojibu, Gari Haliondoki

Ejok, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Ekwam, fundi wa magari wa hapa Lodwar, aliyefariki Jumanne iliyopita. Wateja walimwita Mzee Ngoja, naye hakuwa akikasirika.

Kazi yake ilikuwa mabomba ya petroli. Kabla ya kugusa konekta, ile shingo ya plastiki inayounga bomba na bomba, alichomoa fyuzi ya pampu na kuacha injini inywe petroli iliyobaki hadi ijizimie. Presha ikiisha, aliifunika konekta kwa kitambaa, akaifungua. Akiirudisha, aliisukuma na kuisalimu kwa Kiturkana: "Ejok?" Ikilia ta! imejibu. Kisha aliivuta kuhakikisha. Isipojibu, gari haliondoki.

Wako wanaofunga konekta iliyovunjika kwa mpira wa tyubu. Ekwam aliwahi kuungua mkono mpira huo ulipoachia, petroli ikashika moto. Hakuutaka tena.

Jumanne alikuwa Kakuma kwa Adut, mama wa watoto watatu ambaye yeye Ekwam alimfundisha ufundi. Huko kifua kikambana Ekwam. Zahanati ikamwandikia aende hospitali Lodwar, lakini ambulensi ilikuwa mbali, Kaaleng. Ikapatikana pikapu ya dereva Lomuria, yenye abiria wanne, mmoja wao mtoto mchanga. Pikapu ilikuwa inavuja petroli. Kifungio cha konekta kimekatika.

"Adut, funga na tyubu twende!" Lomuria alisema. "Mzee anakufa!"

Adut alikuwa na mpira mkononi. Alitamani sana kuufunga.

"Imejibu?" Ekwam aliuliza.

"Bado, mwalimu."

"Basi ngoja."

Konekta nyingine ilipatikana baada ya saa moja na nusu. Ikalia ta! Adut akaivuta, ikashika. Ekwam alikata roho njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa Adut.

Adut hakuja matangani. Alituambia aliogopa macho ya mjane, Mama Nasike. Mama Nasike akatutumia ujumbe: "Hiyo gari ilibeba watu saba. Sita wako hai. Ambia Adut akuje, nimemwekea chakula."

Adut alifika jana, akala.

Mama Nasike na familia, poleni sana. Tumeumia pamoja nanyi. Nawe fundi unayetusikiliza, umeshika kipande cha tyubu, gari la watu linakusubiri: kiweke chini kwanza. Salimu, halafu ngoja ujibiwe.