Mjomba, Panya Weupe na Mapera ya Mfukoni

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya kulisha, kusafisha na kubembeleza panya weupe, mlezi wa wanyama wa maabara hii ya utafiti wa dawa anastaafu. Jengo zima humwita Mjomba, kuanzia profesa hadi mlinzi wa getini. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari tu, ila ni mimi peke yangu ninayemwita hivyo kihalali, maana ni kaka yake mama. Wenzake wameniomba niandike kwa sababu, walisema, wao wakianza kumcheka hawamalizi.

Aliajiriwa kufagia, tena kwa muda. Mlezi wa zamani alipong'atwa kidole na kuacha kazi siku hiyohiyo, Mjomba aliambiwa ashike nafasi mpaka apatikane mtu. Mtu huyo hajapatikana hadi leo.

Hubisha hodi kabla ya kuingia kwenye chumba cha panya. Huwasalimu, "Hamjambo wanangu?" na watafiti wanaapa kwamba husubiri aitikiwe. Anayebamiza mlango hukaripiwa, hata akiwa profesa.

Miaka minne iliyopita, mtafiti kijana anayeitwa na wote Dada Darubini alianza kuchunguza dawa moja kali ya saratani. Dawa hiyo huua uvimbe vizuri, lakini huchakaza figo. Dada Darubini alitaka kujua kama antioksidanti, zile kemikali zinazokinga seli zisiharibiwe, zingeweza kuzilinda figo. Panya wote walipewa dawa. Nusu waliongezewa antioksidanti, na nusu, kundi la ulinganisho, walikula chakula kikavu tu. Mjomba aliifuatilia kazi hiyo kuliko zote, kwa kuwa mkewe alipona saratani kwa dawa hiyohiyo, na figo zake hazijarudi sawasawa.

Matokeo yalipotoka, figo za makundi yote mawili zilikuwa nzima. Wakubwa wakasema basi, antioksidanti hazina kazi, utafiti ufungwe. Dada Darubini alipima dawa upya, akapima mizani upya, akakonda.

Kwenye kikao cha kuufunga, Mjomba alisimama na kikombe cha chai mkononi. "Jamani, msimsumbue binti wa watu. Ni mapera."

Kumbe aliwaonea huruma panya waliokosa antioksidanti. Kila alasiri alikuwa akiwapenyezea kutoka mfukoni vipande vya mapera, tunda lililojaa antioksidanti. "Wenzao wanapata, wao wanatoa macho tu!" alijitetea. Profesa alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Hakuna aliyekuwa akimshuku. Angenyamaza, kibarua chake kingekuwa salama. Kwa kusema, kilikaribia kuota nyasi. Alipewa onyo kali, na mifuko ya koti lake la kazi ikashonwa. Kama kweli ni mapera yaliyozilinda figo zile, hakuna awezaye kuapa. Lakini matokeo hayo hayakuaminika tena, na utafiti ukapewa nafasi ya pili.

Raundi hiyo ilimtesa. Aliwawekea kundi la ulinganisho chakula kikavu akiwa ametazama ukutani, na wenzake walimtania kwamba amegombana na panya. Mwishowe jibu lilikuja: waliopewa antioksidanti, figo zao hazikuharibika sana kama za wenzao. Dada Darubini alilia, Mjomba akamletea chai isiyo na sukari kwa kuchanganyikiwa.

Kisha binti huyo akamweleza ukweli wote. Panya si watu. Haijajulikana bado kama kinga hiyo haitaulinda pia uvimbe wenyewe dhidi ya dawa. Kwa hiyo mgonjwa asimeze vidonge vya antioksidanti bila kumwuliza daktari wake. Mjomba, ambaye hata safari yake ya sokoni huisimulia mpaka iwe vita, alirudi nyumbani akamwambia mkewe maneno hayohayo, bila kutia chumvi hata punje.

Mjomba, wenzako wanakushukuru kwa miaka yote, na kwa siku ile uliposimama kikaoni. Sasa majaribio yameanza kwa wagonjwa waliokubali wenyewe. Dada Darubini ameahidi kwamba jibu likipatikana, liwe zuri au baya, simu ya kwanza itapigwa kwako na kwa mkeo.

Tunawaombea nyote wawili afya na siku nyingi za kulisubiri. Zeeka polepole, Mjomba.