Mzee Kasimiri na Funguo za Seva ya Izia

Leo, Alhamisi tarehe 30 Juni 2005, Mzee Kasimiri Mwananjela anastaafu baada ya kutumika miaka thelathini na moja. Alianza mwaka 1974 akiwa karani wa masjala katika shirika la umma la nafaka hapa Sumbawanga. Shirika lilipobinafsishwa, wenzake walipunguzwa. Yeye akabakizwa kwa kuwa ndiye pekee aliyejua kila jalada lilipo. Kampuni mpya ilipoanza kutengeneza programu za maghala, alijifunza kompyuta akiwa na miaka hamsini na miwili, bila kuona haya.

Mwaka 2001 sisi watengeneza programu tulihamishiwa Mbeya. Seva ilibaki hapa Sumbawanga, mtaa wa Izia, na Mzee akabaki nayo. Humo ndimo zinamotunzwa programu zetu pamoja na kila badiliko lililowahi kufanywa, ili mtu akiharibu turudi nyuma. Wakati huo sote tuliingia humo kwa neno moja la siri, ambalo hata mama wa chai alilijua. Siku moja mtu akaingia, akafuta kazi ya miaka miwili. Mzee aliirudisha kutoka kwenye nakala zake za kabatini, kisha akaufunga mlango huo wa neno la pamoja. Tangu hapo kila mmoja hutengeneza kwenye kompyuta jozi ya funguo, yaani mafaili mawili yanayotambuana: wa siri haubanduki kwenye mashine yake, wa wazi anatumiwa Mzee auingize kwenye seva.

Fransisko wetu, mtu wa haraka, alituma kwa basi disketi yenye funguo zote mbili. Disketi ilirudi kwa basi lilelile, imekatwa vipande viwili.

Kilichotuudhi ni kanuni ya miezi mitatu. Muda huo ukiisha, ufunguo ulibadilishwa, nawe ulipaswa kupiga simu na kumsomea alama ya ufunguo mpya, herufi na tarakimu thelathini na mbili, moja moja, ili ahakikishe ni wako kweli. Katikati aliulizia mvua, watoto, nani anaumwa. Niliwahi kumwambia, "Mzee, si unaijua sauti yangu?" Akajibu, "Naijua, mwanangu. Wewe soma tu." Mara nyingine nilimwachia Fransisko asome kwa niaba yangu.

Mwezi uliopita nilitumwa Izia kupokea kazi yake. Nilipekua mipangilio yote ya seva na sikuona mahali panapodai miezi mitatu. Nilipomuuliza, hakunificha. Tangu mama Luciana, mkewe, afariki, ilipita Jumatatu hadi Ijumaa bila sauti ya mtu chumbani mle mwa seva, na nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo. Simu zetu ndizo alizokuwa akizingoja. Niliona aibu, na bado naiona.

Asubuhi hii nimeufuta ufunguo wake, kwani anayeondoka hufutiwa siku hiyohiyo. Ndivyo alivyoagiza mwenyewe. Alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza, akachukua kofia yake, akatoka.

Anahamia Msanzi kwa dada yake, kulima ulezi. Mzee Kasimiri, asante kwa kutulindia kazi yetu na kwa kutuvumilia. Tunakuombea afya njema na nyumba isiyokosa watu wa kuongea nao.

Nanyi wenzangu wa Mbeya, kuanzia kesho chumba hiki nakaa peke yangu. Kanuni ya miezi mitatu sitaiondoa.

Scola Sangu