Wakili Anarudi Darasani

Basi lilikuwa limeshaacha kituo, na mama mmoja, mjukuu mapajani, alikuwa akimweleza fundi viatu aliyeketi naye, kwa sauti ya kumfikia dereva, kwamba bintiye wakili anawahi darasani. “Wakili gani bado anasoma, dada? Si ameshaapishwa?” “Ameapishwa, kaka. Ila wakili mpya asipomaliza mafunzo yao ya mwaka, leseni haihuishwi, na leo ndiyo mwisho. Hata kisu kikali hunolewa.” “Au hicho kilitoka dukani butu!”

“Mama, punguza sauti,” wakili akanong’ona kutoka kiti cha mbele. “Nipunguze nini? Siku niliyokuzaa nilipiga kelele zaidi.”

Basi likasimama. Wakili aliwahi, leseni ikahuishwa. Fundi hakushawishika. Mama yake alishinda nje ya ukumbi wa mafunzo na mjukuu, akimsimulia mlinzi habari zilezile.