Nikodemo Nyamhanga, Mpima Maji wa Kisima cha Ikoma, 1931–1984

Marehemu Nikodemo Nyamhanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 huko Nyansurura, mtoto wa tatu wa Mzee Simioni. Alisoma shule ya misheni jirani na nyumbani, kisha Tarime, ambako alimaliza darasa la nane mwaka 1949. Walimu walimsifu kwa mwandiko wake. Mpira hakuujua hata kidogo.

Mwaka 1953 aliajiriwa kupima maji ya visima. Tarehe 6 Oktoba 1956 alifunga ndoa na Agustina Waitara, kanisani Tarime. Wakati wa posa wakwe walimuuliza anafanya kazi gani, akajibu, "Natumbukiza kamba kisimani, naitoa, naandika." Walicheka mpaka machozi, lakini binti walimpa.

Mwaka 1972 alipelekwa Musoma kwa mafunzo ya mwezi mmoja. Huko mtaalamu wa miamba, Bwana Desderius, aliwaeleza kwamba tetemeko kubwa linaloanzia chini sana ardhini huenda likatanguliwa na dalili: maji ya kisima hushuka au kupanda bila mvua, huchafuka, hutoa mapovu. "Mara nyingi mtaona haya na hakuna kitakachotokea," alisema. "Ninyi andikeni tu." Marehemu aliyashika maneno hayo kuliko wenzake wote.

Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa mwaka 1974, alijenga karibu na kisima cha Ikoma alichokuwa akikipima, nyumba ya tofali mbichi kama za wengine, jirani na rafiki yake Ryoba. Juni 1975 maji yalishuka futi tano kwa siku mbili, yakawa meupe. Aliwasihi watu walale nje. Walilala nje siku nne, baridi ikawapiga, fisi wakala ndama wawili wa Ryoba, na ardhi haikutikisika. "Mura, rafiki yangu, maji yako yamekula ndama zangu!" Ryoba alimtania mbele ya mkutano wa kijiji. Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akamwonya asitie watu hofu tena, na aibu ile haikumtoka.

Jumapili tarehe 7 Agosti 1977 maji yalishuka futi saba, yakatoa mapovu. Aliandika, akafunga daftari. Jumatatu aliandika tena. Alikutana na Ryoba njiani, wakaongea habari za malisho, na habari za maji hakuzitaja. Alijiambia atasubiri siku moja zaidi. Jumanne asubuhi alimwambia Agustina apikie nje na watoto wasiingie ndani. Saa nane mchana ardhi ikatikisika. Ukuta wa Ryoba ulimwangukia mkewe, Nyangi, akisaga ulezi. Marehemu alimfukua kwa mikono mpaka kucha zikang'oka, lakini alikuwa ameshakata roho.

Tangu siku ile Ryoba alimwita ndugu, akamletea maziwa kila asubuhi. Marehemu alipokea, akashukuru, akawapa watoto. Yeye hakuyaonja. Kisima aliendelea kukipima hata kazi ile ilipofutwa. Watu walidhani anaipenda kazi, kumbe alikuwa anaogopa.

Alianza kuugua kifua Septemba 1983. Wiki yake ya mwisho alimwita bintiye Stefania, anayesoma wasifu huu, akamwonyesha daftari, kurasa za Agosti 1977.

"Baba, kwa nini hukumwambia Mzee Ryoba?"

"Kila siku nilisema leo namwambia. Halafu anaingia na maziwa, anacheka. Nashindwa, mwanangu."

Aliagiza yaandikwe yote na yasomwe kabla ya kaburi kufunikwa. Mama Agustina alikataa, akalia siku nzima, mwisho akakubali. Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 11 Februari 1984, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto wanne, Stefania, Selestine, Pudensiana na Nikolaus, na wajukuu sita. Mungu ampe pumziko ambalo hapa duniani hakulipata.

Mzee Ryoba, shikamoo. Tunajua umesikia haya sasa hivi, pamoja na watu wote, na tunaona uchungu mkubwa. Marehemu aliomba wewe utangulie kumtupia udongo. Ukiamua kuondoka, hatutakulaumu. Ila hakuna mtu atakayetupa udongo kabla hujaamua.