Nani Aliyeikausha Chemchemi

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na juu yake kuna dirisha la fundi wa nguo, mama mpole ambaye mlio wa cherehani yake huanza kabla sijawasha jiko la kahawa. Wiki hii haukusikika. Soko la sarafu za mtandaoni liitwalo Chemchemi lilifunga milango Jumatatu, kama kitu kisicho na milango kinaweza kuifunga, na mama fundi alikuwa ameweka humo akiba yake yote ya kununua cherehani ya pili, ili mdogo wake aje washone pamoja. Jambo hilo lilituuma sana. Na kwa kuwa benchi letu halijawahi kushindwa na kesi, tukaamua kumtafuta mwenye kosa kabla birika langu halijaisha.

Alianza Waziri, maana ndiye huanza siku zote. Hajawahi kuwa waziri wa kitu chochote. Aliendesha lori mpaka akastaafu, lakini akikohoa tu unadhani kikao kimefunguliwa.

— Kosa ni la serikali. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

— Mwana hapo ni nani, mzee? — nikauliza.

— Wewe mimina kahawa.

Nikamimina. Kinyozi, tunayemwita Kiberiti kwa sababu ya wembamba wake na hasira zake, alikuwa ametoka nje na taulo begani, mteja wake kamwacha kwenye kiti na nusu ya ndevu. Akasema serikali haihusiki hata kidogo. Mwenye kosa ni yule kijana mwenye soko, aliyekuwa akijipiga picha amekumbatia magari. Tena hajakimbia popote, yumo humu humu mtaani, kanyoa tu.

— Mimi ndiye ninayejua vichwa. Mtu ukimtoa nywele, hata mama yake anamwamkia shikamoo.

— Kwa hiyo unaweza kuwa umemnyoa wewe — akasema Mtaalamu.

Kiberiti akageuka kumtazama mteja wake kwenye kiti. Nadhani alikuwa anawapitia wateja wa wiki nzima kichwani.

Mtaalamu ni fundi wa simu. Anaongea polepole, na bisibisi sikioni, ndiyo maana tunamwamini. Yeye alieleza kwamba fedha hazikuibwa. Zile kompyuta za soko hupata joto sana, na sarafu, kwa kuwa haina uzito, ikishapata joto inapanda juu. Basi wa kulaumiwa ni mlinzi wa chumba kile, aliyezima feni.

— Na huko juu zimekwenda wapi?

— Zipo. Zinasubiri kupoa.

Waziri aliipenda hiyo. Akasema ndiyo maana wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, kwa hiyo fedha zote zitarudi, watu watulie. Kiberiti akamwambia methali hiyo haina uhusiano na fedha. Waziri akajibu kwamba methali zote zina uhusiano na fedha, ila watu hawasomi.

Hapo Mtaalamu akabadili msimamo wake mwenyewe, akashuka na kubwa zaidi. Alisema akifikiria vizuri, wenye kosa ni wateja. Walizidi kuchungulia. Asubuhi wanafungua simu kuangalia bei, mchana wanafungua, usiku wanafungua. Soko ni kama friji, kila anayechungulia anatoa ubaridi. Mpaka likaharibika lote.

— Sasa sisi tuliopoteza ndio tena wenye kosa? — Waziri alifoka. — Mimi na nusu ya kiinua mgongo changu humo?

— Na mimi je? — Kiberiti akadakia. — Mashine mbili za kunyolea zimeyeyuka hivi hivi.

— Mimi hata sisemi — alisema Mtaalamu, akashusha pumzi ya mtu aliyefilisika.

Nikawatazama wale matajiri watatu. Simu ya Waziri ni ya tochi, ile ya vitufe, haijawahi kufungua hata picha. Lakini mimi kazi yangu ni kahawa.

Mama fundi alishuka wakati huo. Hajawahi kukaa kwenye benchi letu hata siku moja, kwa hiyo tulisogea wote kwa mpigo na Kiberiti nusura aanguke. Hakukaa. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni, kaivaa kwa mazoea tu. Waziri akampa pole ndefu, akamhakikishia kwamba tuko kwenye uchunguzi na tumefika pazuri.

— Nawasikia, mzee wangu. Dirisha langu liko hapa juu. Nawasikia kila siku, tangu mlipoanza kulisifu hilo soko.

Tukacheka, halafu tukaacha.

— Nimetoka kwenye ofisi ya malalamiko — akaendelea. — Wamesema mtu mmoja mmoja hasikilizwi. Walioweka fedha waende pamoja. Nikasema mimi nina bahati, mtaani kwetu tuko wanne. Kesho asubuhi nani anakuja na mimi?

Waziri alimtazama Kiberiti.

— Nenda wewe. Una mashine zako mbili.

— Mimi? — Kiberiti alianza kukunja taulo. — Mimi nilikuwa nasubiri nione za Mtaalamu zitazaa vipi.

— Sikuwa nimeweka bado — akasema Mtaalamu, polepole kuliko kawaida yake. — Nilikuwa nasubiri bei ishuke. Nilijua mzee keshaweka.

Waziri akaigeuza simu yake ya tochi mkononi.

— Nilisema ningeweka — alisema. — Si nilisema ningeweka?

— Ulisema umeweka, mzee wangu. Ulisema usingizi umerudi kama wa mtoto. Nilizima cherehani nikusikie vizuri.

Mama fundi hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotushinda. Mtu akikutukana unapata pa kushika. Yeye alituhesabu kwa macho, mmoja mmoja, kama anayetafuta kipande cha kitambaa alichokuwa na hakika kipo.

— Kumbe ni mimi tu — akasema.

Niliona haya kwa niaba ya benchi zima, na kwa niaba yangu mwenyewe pia, maana ile simu ya tochi nilikuwa naiona siku zote.

Waziri akasimama. Akalivuta shati chini, akakohoa kile kikohozi chake cha kufungua kikao, lakini safari hii kilitoka kidogo.

— Kesho nitakusindikiza, mama. Saa mbili nitakuwa hapa chini.

— Ahsante, mzee wangu. Wataniuliza pale ofisini. Niwaambie umekuja kama nani?

Waziri alimgeukia Kiberiti, Kiberiti akamgeukia Mtaalamu, naye Mtaalamu akanigeukia mimi. Ndani kwa kinyozi yule mteja wa nusu ya ndevu alikuwa anauliza kama atanyolewa leo au aende tu hivyo hivyo.

Nikatikisa birika. Kahawa ilikuwa bado ipo, tena ya moto, na hakuna aliyenyoosha kikombe.