Mheshimiwa Asa Kaitap, Aliyeomba Kulazwa Nje ya Ukuta

Baba Padri, wazee wa Kuthai, wageni wetu kutoka Thursday Island na Brisbane, na ndugu zetu mliovuka asubuhi hii kutoka pwani ya Papua: mimi ni Abiu Waigana, kaka wa mjane. Kwetu mfiwa hashiki jembe wala karatasi, kazi zote za msiba ni za mashemeji. Kwa hiyo nimechimba, na sasa nasoma. Mgongo unaniuma, mtanivumilia nikienda polepole. Kaburi mnaloliona liko upande wa bahari, nje ya ukuta wa kuzuia maji, kama marehemu alivyoomba. Hadi jana saa nane mchana hatukuwa na ruhusa ya kulichimba, kwa sababu sehemu ile ni ya Shangazi Pauna, na Shangazi Pauna alikuwa hajasema na marehemu kwa miaka kumi.

Mheshimiwa Asa Maluwap Kaitap alizaliwa hapa Kuthai tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Wagia Kaitap, mzamia lulu, na marehemu mkewe Sepi. Baba alikuwa baharini miezi tisa ya kila mwaka, na mama alikuwa na mapacha wachanga, hivyo aliyemlea hasa ni Pauna, dada mdogo wa baba, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa miaka ishirini. Alimfundisha kutembea, kuogelea na kunyamaza kanisani. Hilo la tatu halikushika.

Alisoma shule ya kisiwa hadi darasa la saba, na Januari 1965 akapelekwa sekondari Thursday Island, alikokaa miaka minne. Mwalimu mkuu aliandika katika ripoti yake kwamba kijana huyu anabishana kwa adabu. Shangazi aliposomewa maneno hayo alicheka sana. "Adabu ni yangu," alisema. "Huo ubishi ni wa baba yake."

Mwaka 1969 alikwenda bara pamoja na vijana wengine wa visiwani kutandika reli, kule kwenye joto la magharibi ya Queensland, akarudi mwaka 1975 na kovu la chuma begani. Aliajiriwa kuwa karani wa baraza la kisiwa. Hapo ndipo alipopenda makaratasi, na hakuyaacha tena.

Tarehe 20 Novemba 1976 alimuoa dada yangu Gertie katika kanisa hili. Badala ya kutuma wazee wake waje kuzungumza na baba yangu, alileta ombi lake mwenyewe kwenye karatasi iliyopigwa taipu, lenye vipengele vinne. Baba aliisoma, akaigeuza, akamuuliza, "Na upande huu wa nyuma mbona hujaandika kitu?" Tulimcheka mwaka mzima. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Alikuwa mwenyekiti wa baraza kuanzia mwaka 1985, na mwaka 1998 wapiga kura walimpeleka Bunge la Queensland, Brisbane, alikotumikia miaka kumi na minne. Alikaa katika kamati ya mambo ya wenyeji asilia na mikoa ya mbali. Mengi aliyoyafanya yamechapwa kwenye programu: zahanati, haki ya ndugu zetu wa Papua kutibiwa hapa wanapovuka, na sheria ya uvuvi wa kasa na nguva. Mimi nitasema la ukuta tu.

Kwa miaka tisa aliomba kamati ije ione bahari inavyotula. Walikuja mara nne, na kila mara walikuja Julai, kwa sababu Julai kuna ubaridi mzuri na ndege hazisumbui. Julai maji hupwa. Walisimama ufukweni na kofia zao, wakatazama tope refu mpaka upeo wa macho, wakamuuliza, "Mheshimiwa, mbona bahari iko mbali hivi?" Yeye akajibu, "Njooni Januari, kwenye bamvua, maji yanapojaa kuliko siku zote." Januari walikuwa likizo. Nilimtania, "Shemeji, bahari yako ina haya, inawakimbia wageni." Alicheka mara ya kwanza na ya pili. Mara ya nne hakucheka, alikaa kwenye ngazi ya nyumba yangu akaniambia, "Abiu, nimechoka kueleza maji."

Mwishowe walikuja Januari 2008, na bamvua likaingia mpaka ndani ya ukumbi wakiwa mezani. Mwenyekiti wao alimaliza kula viazi vikuu vya nazi miguu ikiwa juu ya kiti, na mwaka uliofuata ukuta ukakubaliwa. Lakini haukukubaliwa wote. Tuliomba kilomita mbili, tukapewa moja na nusu. Wizara ilimpa Asa ramani na wiki mbili za kuchagua: ukuta upite mbele ya nyumba za upande wa mashariki, zilizokuwa na watoto thelathini na mmoja, au uzunguke makaburi. Alichagua nyumba. Safu ya nje ya makaburi ikabaki upande wa bahari, na ndani ya safu hiyo walikuwamo watoto wawili wa Shangazi Pauna, Ezra na Mimia, waliofariki kwa surua mwaka 1961.

Sasa nitasema jambo ambalo halimo kwenye programu. Habari za makaburi hazipelekwi na mtu wa damu wala hazipelekwi kwa maandishi. Hupelekwa na shemeji, ana kwa ana, akiwa ameketi chini. Asa alilijua hilo. Alinipigia simu kutoka Brisbane akanisihi, "Shemeji, nenda kwa Shangazi kabla hajasikia kwa watu. Nakuomba." Mimi nilikuwa nimejiandaa kwenda kuwinda nguva, na kusema kweli nilimwogopa yule mama. Nikamwambia, "Mwandikie barua, bwana. Wewe si mtu wa barua?" Akaandika. Ilifika na ndege ya Jumatano, ya Kiingereza, yenye nembo ya Bunge, Shangazi akasomewa na muuguzi.

Mwezi Februari 2012 bamvua liliichukua safu ile ya nje usiku mmoja. Hatukupata mfupa. Asa alikuja, akasimama nje ya mlango wa Shangazi tangu asubuhi hadi adhuhuri, na mlango haukufunguliwa. Hakugombea ubunge tena. Watu walisema amechoshwa na siasa, naye aliwaacha waseme.

Alianza kuugua kisukari miaka mingi iliyopita, na mwaka 2016 figo zake zilishindwa. Ikabidi ahamie Cairns na Gertie, kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Alikuwa akiuliza bamvua la mwaka huu limefika wapi, na nikimwambia limefika kwenye ngazi ya kanisa anauliza ngazi ya ngapi. Tarehe 9 Juni 2019, siku ya Jumapili, alifariki akiwa usingizini. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane.

Aliacha maagizo kwenye karatasi, bila shaka. Azikwe mahali pale walipokuwa wamelala Ezra na Mimia, kama Shangazi ataridhia, na asiporidhia azikwe popote. Dada yangu alikataa. "Nimemngoja akiwa Brisbane miaka kumi na minne," alisema, "nimemngoja kwenye mashine ya Cairns miaka mitatu, leo nimempata mnataka nimpe bahari?" Baada ya siku mbili aliniita akasema, "Nenda kwa Shangazi. Safari hii nenda wewe mwenyewe. Akikubali, na mimi nimekubali."

Nilikwenda jana. Niliketi chini kwenye mkeka wake. Ana miaka themanini na minane, na bado anasuka mwenyewe.

Nikamwambia, "Shangazi, nimeleta habari niliyotakiwa kuileta mwaka 2009."

"Ya barua?"

"Ya barua. Alinituma mimi. Mimi ndiye niliyemwambia aandike."

Aliweka ususi wake chini. "Na yeye, alipokuwa amesimama hapo nje, mbona hakusema kuwa ni wewe?"

"Hakusema."

"Kwa mtu yeyote?"

"Hata kwa dada yangu."

Aliuokota tena ususi wake, akafumua mstari mzima, nikadhani nitafukuzwa. Kisha akasema, "Kwa hiyo miaka kumi nimemnunia mtoto wangu kwa uvivu wako."

"Ndiyo, Shangazi."

"Kachimbe. Uchimbe wewe, hao vijana wakae pembeni. Na chimba kina kirefu, pumbavu wee."

Nilichimba. Nasema haya mbele yenu na mbele yake yeye aliyelala hapa, kwa sababu aliubeba mzigo wangu mpaka kaburini, nami nilimwona anaubeba nikamwacha. Asa, shemeji yangu, nisamehe.

Marehemu ameacha mjane, Gertie, watoto watatu, Dimas, Ettie na Kapua, wajukuu tisa, mapacha waliomfuata, Naomi na Ruben, na mashemeji, mmoja wao akiwa huyu anayesoma.

Programu mlizoshika zilichapwa Thursday Island siku ya Jumanne, na mpangilio wake niliufanya mimi. Jina la Shangazi niliacha kuliweka, kwa sababu mwaka 2012 alitangaza kuwa yeye hana undugu na mtu huyo. Jana jioni alinitumia mtu kutaka nakala. Akaomba asomewe orodha ya waliobaki. Akaomba asomewe tena. Kisha akaagiza aletewe boksi zima na kalamu. Zilikuwa nakala mia moja na hamsini, na macho yake mnayajua. Alikataa kusaidiwa, alikuwa bado anaandika nilipomaliza kuchimba. Tazameni ukurasa wa mwisho, chini ya wajukuu, palipoandikwa kwa mkono, na mistari inakwenda upande. Nasoma kama ilivyo:

"Mama yake, Pauna."

Apumzike Asa wetu.